Miaka Miwili Niliyokataa Kuikata

Aziza mwanangu,

Najua bado umeninunia. Asubuhi ulinipita hapa uani na ndoo yako ya maji kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa, na salamu uliyonipa ilikuwa ya kumpa askari wa barabarani. Sawa. Kununa umekurithi upande wangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Lakini kesho unapanda ndege kwenda Kinshasa, na sitaki uondoke ukidhani mama yako ndiye aliyekufungia mlango. Umekwenda Mangobo kuwaaga wenzako wa timu, jua bado lipo, nami nimevuta kiti karibu na jiko na ninaandika haraka kabla hujarudi.

Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kutopanda pikipiki ya mtu usiyemjua sitayaandika. Shangazi zako wamekuimbia hayo wiki nzima, na ukiyasahau watakupigia simu wakukumbushe hata kama hutaki. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni miaka yako kumi na saba, ambayo watu walitaka niifanye kumi na mitano, nikakataa. Sijutii. Nilitaka ulisome hilo mapema, kusudi usije ukaifungua barua hii ukitafuta msamaha.

Nianze na mimi mwenyewe. Watu hupenda kusimulia kwamba wanawake wa rika langu tulikuwa na vipaji, kisha ndoa zikaviua. Kwangu si kweli. Mimi nilikuwa kipa wa wastani. Mipira ya juu niliiogopa, na mkwaju wa chini upande wa kushoto ulikuwa unanipita nikiutazama. Hakuna aliyeniibia kitu. Baba yako, Mungu amrehemu, alinikuta nimeshaacha kucheza, na ndiye aliyenisukuma niwafundishe wasichana wa mtaa, kwa sababu alichoka kunisikia nikimkosoa kila mchezaji aliyepita barabarani. Alikuwa mwendesha toleka wakati ule, anabeba abiria kwenye baiskeli yake kutoka Makiso mpaka Kabondo, na akirudi jioni, miguu inamtetemeka, ananiuliza, "Bon, leo umeona nani?"

Kipa wa wastani ana faida moja. Anasimama nyuma na kuwatazama wengine wote wakicheza, na muda mwingi anaona migongo. Uso wa mchezaji unaweza kukudanganya, maana unajua unatazamwa. Mgongo haujui. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu, ile ambayo wanaume wa mtaa huu waliicheka miaka mingi wakisema mwanamke anayeuza mikate ya mafuta ataonaje mpira. Wengine walikuja kwa jina la dini, wakisema binti wa ukoo wetu havai bukta. Niliwavalisha suruali ndefu chini ya bukta na vitambaa kichwani, mkacheza. Baadaye wale wale wakaanza kuniletea watoto wao asubuhi, wakijidai wamekuja kununua mikate. "Mama Kipa, angalia huyu kidogo."

Nikuambie sasa jambo ambalo sijawahi kukuambia. Unajua kwamba kila tulipokwenda kucheza Lubunga nilikuwa nakaa mwisho wa mtumbwi wakati wa kurudi. Mlidhani naogopa maji. Mechi yenyewe haikuwa mtihani wangu, mtihani ulikuwa kule kuvuka mto baada ya kufungwa. Aliyefungwa akaanza kuimba kabla hatujafika katikati, huyo mpira kwake ni matembezi, na hakuna ubaya. Aliyemlaumu mwenzake mpaka ng'ambo hii, nilimfundisha lakini sikumtegemea. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile walipotufunga vibaya kwa sababu ya pasi yako moja ya kipumbavu. Ulikaa umeinama, nami nikaona mguu wako wa kulia unatembea peke yake ndani ya mtumbwi. Ulikuwa unairudia ile pasi. Unaupeleka mguu, unaurudisha, unaupeleka tena, na maji yaliyokuwa sakafuni mwa mtumbwi yanamrukia mpiga kasia, mpaka akakugombeza: "Weye mutoto, iko nini? Tika ile mambo, utatuangusha."

Ukaacha. Baada ya muda mfupi ukaanza tena, polepole, akiwa hakuoni.

Siku ile nilijua. Sikumwambia mtu, hata baba yako nilimwambia kwamba sikuona lolote. Niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshakosea juu ya watoto wa wengine, na ukishakosea juu ya mtoto wa mtu unajifunza kufunga mdomo.

Sasa nifike kwa Nuru na Feza. Nuru unamjua kama yule dada wa barabara ya Bafwasende anayewauzia wachimba dhahabu sabuni na sigara. Hukumjua alipokuwa mchezaji. Aliletwa kwangu na mjomba wake, tonton kama tunavyosema, akiwa mrefu, ana kifua, ana mbio, na tonton akasema ana miaka kumi na mitatu. Nilimtazama nikajua kwamba ana kumi na mitano. Mwanamke anajua. Lakini mashindano ya watoto wa chini ya miaka kumi na minne yalikuwa karibu, na mimi nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikamwambia tonton, "Kumi na mitatu, sawa." Hivyo tu. Kukata miaka kwetu si jambo la kujificha msituni. Linafanyika juu ya kikombe cha chai, watu wazima wanacheka, na mtoto amesimama pale anasikia.

Nuru aliwafagia. Aliwapita watoto wadogo kama mtu anayepita katikati ya kuku, na kila alipofunga goli mtaa mzima ulikuja kunishika mkono. Sikumfundisha kitu. Ya nini, wakati kila kitu kilikuwa kinaingia? Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kupandia ngazi tu. Hakuwahi kulazimika kufikiri, maana mwili ulifika kabla ya fikra. Kisha wale wadogo wakakua, kama watoto wanavyokua, na yeye akabaki pale pale kwa sababu alikuwa ameshakua zamani. Watu wakaanza kusema ameisha, mtoto wa miaka kumi na sita ameisha, wengine wakasema amerogwa. Hakuwa ameisha wala hakuwa amerogwa. Alikuwa na miaka kumi na minane na hakuna aliyemfundisha mpira. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyefika mwisho wake hakuwa mimi.

Feza ndiye anayeniuma zaidi. Alikuwa katika timu ile ile, ana miaka kumi na miwili ya kweli, mdogo, mzito kuanza, lakini anainua kichwa kabla mpira haujamfikia. Mimi nikamweka karibu na Nuru na kuwalinganisha. Unaelewa, Aziza? Uongo nilikuwa nimeusema mimi mwenyewe, nikaurudia kwa wazazi, kwa waamuzi, kwa majirani, mpaka na macho yangu yakauamini. Nilipowatazama wawili wale niliona wasichana wanaokaribiana umri, mmoja ameendelea na mwingine amechelewa. Nikamwambia Feza kwamba huenda mpira si wake, atusaidie kuokota mipira. Alinitazama, akasema, "Ndiyo, Mama," akaokota mipira mpaka mwisho wa msimu. Baba yake alipohamia Isangi kununua samaki, akaenda naye.

Alirudi na timu ya Isangi akiwa mtu mzima. Wewe ulikuwa mdogo, umekaa nyuma ya goli letu unakula muwa, na ulipiga makofi alipotufunga, nikakufinya. Akatufunga tena. Mechi ilipokwisha alikuja kunisalimia kwa heshima zote, mikono miwili, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akachukua mpira uliokuwa miguuni pangu, akaniwekea mkononi. "Huu ulibaki, Mama," akasema. Hakuna aliyewahi kunitukana vizuri namna ile. Tangu siku hiyo, mtoto yeyote anayeletwa kwangu, kabla sijatazama miguu yake ninatafuta kwanza umri wake wa kweli, hata ikibidi nimuulize bibi yake mvua ilikuwaje alipozaliwa.

Sasa tuje kwa yule bwana wa Kinshasa, aliyekuja kuitafutia klabu yake wachezaji. Ulimwona siku ya mechi, ulimwona anavyosimama kila unapogusa mpira, na usiku ule hukulala. Baada ya mechi alitufuata mimi na tonton wako Abedi. Kwanza aliongea na Abedi, kana kwamba mdogo wangu huyo, ambaye hajui tofauti ya kona na kurusha, ndiye aliyekufundisha. Abedi akaninyooshea kidole. Bwana akageuka.

"Mama, félicitations. Huyu mutoto iko na miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. "Bon. Tutasema kumi na tano. Ataingia équipe ya bajeunes, ya batoto, klabu itamusomesha, itamulalisha. Kule bote banafanya vile."

"Na akisema kumi na saba?"

"Alors, atakuja kwa majaribio. Saison moja. Kama hapendezi, anarudia."

Nikaomba anipe mpaka kesho yake. Ndiyo, niliomba. Usifikiri mama yako ni jiwe. Jioni ile Abedi alikaa hapa hapa nilipokaa, anakula lituma ya ndizi za kuponda na samaki wangu, ananiambia, "Yaya, dada yangu, likambo te, hapana shida. Miaka mbili ni nini? Hata Mungu hapana kuuliza." Na mimi nilikuwa nimeshaanza kukubali. Niliwaza chumba chako huko, shule, kitanda chenye chandarua. Niliwaza vilevile jinsi mtaa utakavyosema. Nilikwenda kulala nikiwa nimekukata miaka miwili, mwanangu, nikubali hilo.

Asubuhi nikiwa nakaanga mikate, pikipiki ikasimama, akashuka Nuru, vumbi la barabara ya Bafwasende limemjaa mpaka kwenye kope. Amekuja mjini kununua bidhaa. Nikampa mikate, hakula. Alikuwa ameshasikia, maana habari huku zinasafiri haraka kuliko watu.

"Mama Kipa," akasema, "leo miye iko na miaka ngapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikaanza kuhesabu kutoka ule umri wa mpira, nikakwama, nikaanza upya kutoka ule wa kweli, nikakwama tena. Mafuta yanaungua jikoni, mimi nimesimama na kijiko.

"Umeona?" akasema. "Hata weye. Mama yangu alikufa, tonton alisahau, shule iko na yake, mpira iko na yake. Bantu bananiuliza, ninafikiri kwanza." Kisha akacheka kidogo, akamega mkate mmoja akaula. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama wewe unacheza kwa miguu yote miwili, nikasema ndiyo, akasema, "C'est bien," akapanda pikipiki yake akaenda sokoni.

Nikazima moto, nikajifunga kitenge safi, nikaenda hotelini kwa yule bwana nikamwambia hapana. Nilimwambia binti yangu ana miaka kumi na saba, amchukue nayo yote au amwache nayo yote. Akasema ninakuharibia. Nikamwambia kuharibu watoto ni kazi ninayoijua vizuri, nimeshawahi kuifanya, na siyo hii. Akaondoka siku hiyo hiyo.

Wewe ulikuja jikoni ukilia. Sitasahau ulivyosema. "Mama, uliniharibia maisha. Miaka mbili tu. Bote banakata, juu ya nini miye hapana?" Sikukujibu, na ukachukulia kwamba sina jibu. Nilikuwa nalo, lakini mtu anayelia hasikii. Mtaa nao ukasema yake: Mama Kipa ana wivu, Mama Kipa alishindwa kucheza sasa hataki mwanawe acheze. Waliponiambia hayo usoni niliwauzia mikate na kuwarudishia chenji.

Mungu akajalia, simu ikalia. Klabu ya yule bwana imekutaka kwa majaribio, msimu mmoja, kwa umri wako. Kila mtu alishangilia ila wewe, kwa sababu unahesabu ulichokikosa. Usidhani sihesabu nami. Najua huendi na kitanda wala shule. Unaenda kwenye mlango ulio nusu wazi, na msimu ukiisha wanaweza kuufunga. Hilo nimelifanya mimi kwa mikono yangu, na kama utarudi, utarudi kwangu, utanitazama kila siku hapa uani, nami nitakubali kutazamwa.

Ila sikiliza nikuambie utakachokikuta. Utakuta wasichana wa "miaka kumi na mitano" wenye mabega ya mama wa watoto watatu. Watakuangusha, watakupita, na yule bwana atasimama kuwapigia makofi. Watasema Aziza amechelewa. Usijilinganishe nao hata siku moja. Mimi nililinganisha hivyo na nikamtupa Feza. Wewe jilinganishe na Aziza wa mwezi uliopita, huyo tu ndiye nina hakika na umri wake.

Na kwa kuwa nimewapima watoto wa mji mzima, acha nikupime na wewe bila upendeleo. Bado hujaiva. Mpira wa kichwa unaupiga ukiwa umefumba macho, na tabia hiyo umeitoa kwangu. Hatua zako tatu za mwanzo ni nzito. Ukivutwa jezi unasahau mechi na kutafuta aliyekuvuta. Lakini unaona pasi kabla aliye mbele yako hajajua kwamba yuko huru, na kila nilichokufundisha mwaka huu hukukijua mwaka jana. Nimewaona wengi walioiva mapema, mwaka uliofuata hawakuwa na jipya la kuonyesha. Wewe kila mwaka una jipya. Kama yule bwana hana macho ya kuliona hilo kwa msimu mmoja, basi ni hasara yake, na mwambie mimi nimesema.

Nikujibu sasa lile swali la jikoni. Miaka miwili tu, ulisema. Nimekaa hapa nikijaribu kuichagua. Nikate upi? Ule ulipoanguka na baiskeli ya baba yako ukavunjika mguu wa kulia, ukakaa uani miezi unapiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto mpaka jirani akaja kulalamika? Mguu wa kushoto aliousifu yule bwana ulipatikana mwaka ule. Au nikate ule aliokufa baba yako, ukacheza wiki ile ile kwa sababu ulisema angeuliza leo umeona nani? Au ule uliorefuka ghafla ukawa unajikwaa kwenye kila kitu, ukataka kuacha, nikakulazimisha? Nikate ule wa mtumbwi? Nimeitafuta, Aziza, kwa dhati. Yote kumi na saba nilikuwepo. Hakuna uliokuwa wa kutupwa.

Nasikia sauti yako kule barabarani, unacheka na wenzako, na ukifika mlangoni utanuna tena. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha mpira cha kushoto, maana najua hutakivaa kabla ya kufika. Huko watakuuliza umri. Watakuuliza uwanjani, ofisini, na mwingine atakukonyeza akitaka umpe jibu jingine. Usifikiri kwanza. Mtazame machoni umwambie, kumi na saba, mama yangu alikuwepo.

Mimi mama yako,
kipa wa wastani